Nilikwenda Kyoto Nikafundishwa Ugeni

Kwetu Tanga mwanamke haendi ugenini hivihivi. Unaoga, unavaa, unajifukiza udi mpaka buibui lishike harufu, kisha unamalizia na mafuta mazuri nyuma ya masikio. Mama yangu husema mtu aingie nyumba ya watu harufu yake ikiwa imeshatangulia kupiga hodi. Ndivyo nilivyofanya Jumatano moja ya Februari mwaka 2016, nilipoalikwa kunywa chai nyumbani kwa bibi mmoja wa miaka 78 kaskazini mwa mji wa Kyoto. Nilinukia. Nilijisifia njia nzima kwenye basi.

Aliyenipeleka ni msichana niliyekuwa nakaa naye bweni moja. Bibi alitupokea akiinama, uso umetulia, asiseme neno. Ila kabla hatujakaa alisogeza mlango wa karatasi wa upande wa bustani, akasogeza wa pili, akasogeza na wa tatu, mpaka baridi yote ya Februari ikawa imeingia kukaa nasi. Tulikunywa chai tukitetemeka. Mimi nilidhani ndio utaratibu wao.

Wiki tatu zilipita ndipo mwenzangu aliponifungulia. Kwenye chumba cha chai mwenyeji huweka kipande kidogo cha manukato karibu na makaa, na harufu ile hafifu ni sehemu ya alichowaandalia wageni. Mtu akija na marashi yake makali, ni kama umealikwa kula pilau ukaenda na sufuria lako la mchuzi, ukalimimina juu ya sinia la wenyewe. Bibi alifungua milango ili wageni wengine wapumue na mimi nisijue kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi kuomba radhi. Akanisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Ulijiandaa kwa ajili yangu. Hilo nililiona." Kisha akauliza ile harufu ni ya nini. Nikamweleza udi, nikionyesha kwa mikono jinsi tunavyochuchumaa juu ya chetezo. Aliondoka, akarudi na kijaluba cha mti, ndani mna vipande vyeusi vyembamba. Nikanusa. Udi! Udi uleule, wao wanauita jinko, unaotoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwao umefika kwa njia yake na kwetu kwa njia yake. Tofauti ni kwamba sisi tunaufukiza mpaka jirani ajue, naye huweka kipande cha ukubwa wa ukucha pembeni ya moto, wala si juu ya kaa lenyewe, na hufanya hivyo miezi ya joto. Miezi ya baridi hutumia manukato ya kukandwa.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila Jumatano kwa karibu miaka mitatu. Wanafunzi tulimwita Sensei, yaani mwalimu, nami nitamwita hivyohivyo hapa.

Nilidhani nakwenda kujifunza kupika chai. Kupika chenyewe si kitu: gramu 2 hivi za unga wa kijani, maji ya moto mafunda machache, unakoroga kwa chasen, mchapo wa mwanzi uliochongwa nyuzinyuzi, mpaka povu lipande. Mchai wenyewe ni mmea wa jamii ileile ya ile inayolimwa kwetu Usambara, isipokuwa wao huifunika kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchuma, kisha majani yaliyokaushwa husagwa kwenye jiwe linalotoa gramu 40 hivi kwa saa. Miezi ya mwanzo sikupewa hata huo mchapo. Nilikunja kitambaa cha hariri. Nilikikunjua. Nilijifunza kutembea juu ya tatami, ile mikeka minene yao, bila kukanyaga kingo. Nilifuta, nilisuuza, nilikamua. Na niliosha mkaa.

Hapa kwenye mkaa naomba nikae kidogo.

Mkaa wao wa chai huchomwa kwa mti wa jamii ya mwaloni, hukatwa kwa vipimo, na ukiutazama kichwani nyufa zake zimetoka katikati kama petali za ua. Sensei aliniwekea beseni, brashi na gunia dogo. Nioshe, nipange, ukauke. Nilicheka mpaka nikaona haya. Mtoto wa Tanga niliyekulia jikoni, ninayejua kwamba mkaa ndio unaokuchafua wewe, leo nauosha kwa brashi kama sahani! Sababu yake aliieleza kwa ufupi: vumbi likibaki, mkaa hualika, na cheche zikiruka mgeni atashtuka au nguo yake itaungua.

Jioni ile nilimpigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekufundisha nini leo?"

"Kuosha mkaa."

Kimya. "Kwa maji?"

"Kwa maji na brashi, mama."

"Basi hao hawana kazi."

Nikamweleza na habari ya jivu. Wakati wa joto kali Sensei alituketisha nyuma ya nyumba tukalichekecha jivu la jiko, tukalilainisha, tukalichekecha tena hadi likawa kama unga wa sembe, na kabla ya kila karamu alilitengeneza ndani ya jiko likawa na miinuko kama vilima. Jivu lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Na huyo mgeni anaambiwa kwamba mkaa umeoshwa?"

"Haambiwi."

"Hata jivu?"

"Hata jivu."

"Ah," akasema. "Basi hao ni watu."

Historia sikuisoma kwenye kitabu, niliipata vipandevipande mikono ikiwa majini. Mtawa mmoja aitwaye Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 na habari za chai, na mwaka 1211 akaiandika kama dawa ya mwili. Baadaye mabwana wakubwa wakaifanya shindano la kuonyeshana vyombo vya kifahari vya Kichina. Walitokea watu wakaikataa fahari ile, wa kwanza Murata Jukō, baada yake Takeno Jōō, na aliyefika mbali kuliko wote ni Sen no Rikyū, mtoto wa mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai, aliyezaliwa 1522. Huyu alikifinya chumba mpaka kikabaki cha mikeka miwili. Kimoja kinachosemwa ni chake, Tai-an, kipo hadi leo kule Yamazaki, baina ya Kyoto na Osaka. Na mlango wa wageni akaupunguza ukawa dirisha: kama sentimita 66 kwenda juu na 63 kwa upana. Samurai alilazimika kuacha upanga wake nje na kuingia kwa magoti, bwana kama mtumishi. Mimi na buibui langu na mwili niliojaliwa tulikwama hapo siku ya kwanza, mwenzangu akanisukuma kwa nyuma. Ukiingia hivyo huwezi kujikweza tena saa nzima.

Rikyū alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyejengewa chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu. Mtu huyohuyo mwaka 1587 alitangaza karamu kubwa kwenye uwanja wa hekalu la Kitano, kila apendaye aje hata kama ni mkulima, asiye na chai aje na unga wa nafaka iliyokaangwa. Ilipangwa siku 10, akaivunja baada ya moja. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyū ajiue. Sababu wanabishania mpaka kesho. Sensei alipofika hapo hakusema zaidi, alibadilisha maji ya beseni. Vitukuu vya Rikyū ndio walioanzisha nyumba tatu za chai zinazofundisha hadi sasa: Urasenke, Omotesenke na Mushakōjisenke, zote Kyoto.

Ukutani jikoni kulikuwa na karatasi yenye maagizo saba yanayonasibishwa na Rikyū. Chai iwe ya kunyweka vizuri. Mkaa uupange maji yachemke. Maua yakae kama yalivyo kondeni. Kiangazi mgeni ahisi ubaridi, kipupwe ahisi joto. Uwahi kabla ya wakati. Uandae mwavuli hata kama hakuna mvua. Na uwatie moyoni wale ulio nao. Inasimuliwa kwamba aliyeyasikia alilalamika, haya nani hayajui? Rikyū akamwambia, ukiweza kuyatimiza yote, mimi nitakuwa mwanafunzi wako.

Hayo ni ya mwenyeji. Kilichonitoa jasho mimi ni upande wa pili.

Nimelelewa nikijua mgeni ni wa kutumikiwa. Anakaa, anakirimiwa, anasema "msijisumbue", anasumbuliwa, anaondoka. Kazi zote ni za mwenye nyumba. Kwa Sensei niligundua kwamba mgeni ana kazi, na kazi yenyewe ina daraja. Wa kwanza kuketi ndiye msemaji wa wenzake, huuliza maswali ambayo wote wanatamani kuuliza. Wa mwisho hukusanya na kurudisha vyombo. Wa katikati wanafuata. Kabla hujanywa unamgeukia jirani yako na kumwambia "osaki ni", natangulia mbele yako. Unalizungusha bakuli kidogo ili usiweke mdomo kwenye uso wake mzuri, ule ambao mwenyeji amekuelekezea. Funda la mwisho unalivuta kwa sauti, ajue umemaliza. Hili la sauti lilinifurahisha: babu yangu alimimina chai kwenye kisahani akaivuta hivyohivyo, na bibi akimkemea kila siku ya Mungu.

Kukaa nilijua nitawazidi wote. Wao hukaa kwa magoti, makalio juu ya visigino, na sisi kikao hicho ni cha tahiyatu, tumekijua tangu chuoni. Kumbe tahiyatu ni dakika. Saa moja ilipokatika nilijaribu kusimama nikaanguka kama gunia la nazi, mguu mmoja uko Kyoto na mwingine sijui uko wapi. Hata kunawa nilikujua. Kwenye njia ya bustani kuna birika la jiwe liitwalo tsukubai, unachuchumaa, unachota kwa upawa, unaosha mikono, unasukutua. Nilinawa mara tatutatu bila kufikiri, wenzangu nyuma wakasubiri kwa adabu.

Palikuwa na jambo moja lililonitatiza kwa dhati. Ukiingia chumbani unakwenda kwanza mbele ya kile kidaka chenye maandishi yaliyoning'inizwa na ua moja, unainama. Mimi kuinama hivyo nina mahali pake pamoja tu. Nilimwambia Sensei waziwazi, nikiogopa kumuudhi. Alifikiri. "Kaa, tazama," akasema. "Nimekitundika ukione." Basi. Tangu hapo nilikaa mikono magotini nikitazama mpaka nione kilichoandikwa, na wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Huenda nilitazama kuliko walioinama.

Kosa la bei siwezi kuliruka. Mwishoni mgeni wa kwanza huomba kuvitazama vyombo kwa karibu, navyo hupitishwa kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na magoti ili kitu kisianguke kutoka juu. Nililipata bakuli jeusi, zito, limeshika joto kama mkate uliotoka tanurini. Nikalipenda. Na kwa Kijapani changu cha sokoni nikauliza nilichojua kuuliza: "Ikura desu ka?" Ni bei gani? Kwetu hiyo ni sifa. Ukiuliza bei ya kanga ya mwenzio umemwambia amependeza. Chumba kilinyamaza mpaka nikasikia birika. Sensei akajibu kwa upole kwamba aliyemwachia hakumwambia. Nikajua nimekosea, na nikajua pia kwamba ameshanitoa kwenye shimo kabla sijazama.

Nisije nikaonekana nauza ushirikina wa uzuri. Mambo ya chai yana upande wake wa kuchosha. Kuna vyeti vya daraja ambavyo hulipiwa, kuna kimono zinazopimana macho, kuna walimu wa kukemea kidole kilichokaa vibaya huku mgeni ameganda kwa baridi. Na lile neno lao la ukarimu, omotenashi, lilivuma sana baada ya kutamkwa silabi kwa silabi mwaka 2013 kule Buenos Aires, Tokyo ilipokuwa ikiomba michezo ya Olimpiki. Nilipofika lilikuwa kwenye mabango, hoteli, mpaka mfuko wa plastiki wa dukani. Kwa miaka mitatu sikumsikia Sensei akilitamka hata mara moja.

Novemba yangu ya pili alinialika kwenye karamu kamili. Novemba ndipo jiko la miezi ya joto huondolewa na kufunguliwa lile la kuchimbiwa sakafuni, na watu wa chai huihesabu kama mwaka mpya wao. Karamu kamili huchukua saa nne hivi: mkaa unapangwa mbele ya wageni, chakula, mapumziko bustanini, mnarudishwa kwa sauti ya tasa la shaba, inakuja chai nzito mnayokunywa bakuli moja kwa zamu, halafu ile nyepesi ya povu. Tulikuwa wageni watano, mimi nimewekwa wa tatu. Baadaye ndipo niliposhika maana yake: wawili mbele niwaigize, wawili nyuma wanifiche.

Safari hii sikujipaka kitu. Niliacha saa na pete nyumbani, visije vikakwaruza bakuli. Nilibeba soksi nyeupe kwenye mfuko nizivae mlangoni.

Chakula kilikuja kwenye sinia dogo jeusi, wali kidogo, supu, samaki. Nilikuwa nimeshajizoeza kula kwa wasiwasi Japani, maana mirin, ile pombe tamu ya kupikia, imo karibu kwenye kila chungu. Nilijiambia nitaonja wali na kusingizia tumbo. Mwenzangu wa bweni, aliyekuwa akisaidia jikoni siku hiyo, alipoweka sinia langu alininong'oneza neno moja tu: "Kula." Nikala. Zamu ya pombe ya mchele ilipofika, Sensei alikuja na birika la chuma, akamjazia wa kwanza kikombe chake chekundu kilicho bapa, akamjazia wa pili. Mbele yangu akageuka nusu, akapokea birika jingine pacha wa lile, akanijazia maji ya moto, akapokea la kwanza, akaendelea. Ukipepesa macho hukuona. Tuliinua vikombe sote watano pamoja.

Ilipita miezi miwili ndipo mwenzangu aliponisimulia. Tangu Septemba Sensei alikuwa amemwita na kumhoji: huyu hali nini, hanywi nini, na kwa nini, maana alitaka kuelewa, orodha haikumtosha. Akazipika zile samaki mara tatu kwa majaribio, bila mirin, akitafuta utamu kwa sukari kidogo na maji ya mwani. Nami nikauliza, wale wengine walipikiwa chungu kingine?

"Chungu kilikuwa kimoja," akasema. "Wote walikula chakula chako."

Hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyejua. Nilimkumbuka mama na swali lake la mkaa.

Siku ile ya karamu kulikuwa kweupe asubuhi, lakini mlangoni palipangwa miavuli mitano na kofia pana za mwanzi za kupitia bustanini. Tulipoagana mawingu yalikuwa yameshika ila hapakudondoka tone. Nikauacha mwavuli niliopewa ukiegemea ukuta, nikaenda. Sensei alitoka mpaka kizingitini. Kwetu tungesindikizana hadi njia panda na mazungumzo yangeanza upya. Yeye alisimama tu, na kila nilipogeuka alikuwepo, mpaka kona ikamficha.

Mvua ilinikuta kituo cha basi. Nilirudi mbio kuuchukua mwavuli. Lango lilikuwa halijafungwa, nikapita njia ya mawe kwa vidole vya miguu, na mlango wa karatasi ulikuwa umebaki wazi upana wa kiganja. Nilitarajia kusikia vyombo vikikusanywa. Hapakuwa na sauti. Sensei alikuwa amekaa peke yake mbele ya jiko, kimono ileile, taa hajawasha. Alichota maji, akakoroga, akanywa bakuli lake pale alipokuwa akitazamana nasi, nafasi zetu tano zikiwa tupu mbele yake.

Nilikuja kujua kwamba tendo lile la kukaa peke yake lina asili. Ii Naosuke, kiongozi wa serikali aliyeuawa mwaka 1860 nje ya lango la Sakurada la ngome ya Edo, ndiyo Tokyo ya leo, aliandika juu ya chai na kusisitiza ule usemi wao wa ichigo ichie, kwamba kukutana huku ni kwa mara moja na hakurudi. Aliagiza kwamba wageni wakiondoka mwenyeji asikimbilie kufunga na kufagia. Arudi akae mbele ya jiko peke yake, awafikirie waliokwenda. Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilisimama kwenye mvua, neno hodi likiwa mdomoni, nikalimeza.

Nilifika bwenini nimelowa chapachapa. Jumatano iliyofuata mwavuli ulikuwa umeegemea ukuta upande wa ndani wa mlango, na chini yake pamewekwa jozi ya soksi nyeupe, kavu, za saizi yangu. Sensei aliniambia nianze na mkaa.